Mchezo wa Bia

Mchezo wa Bia ni zoezi la kufundishia uongozi lililobuniwa kwenye kitivo cha menejimenti cha chuo cha MIT, Marekani, kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bia yenyewe haipo. Mezani kuna ubao uliochorwa, sarafu au vidonge vya plastiki vinavyohesabiwa kama kreti, na watu wanne waliokatazwa kusemezana.

Chimbuko lake ni Jay Forrester (1918–2016), mhandisi wa umeme mzaliwa wa Nebraska aliyeongoza ujenzi wa kompyuta ya Whirlwind kabla ya kuhamia kitivo hicho mwaka 1956. Mameneja wa kampuni ya General Electric walimpelekea fumbo la viwanda vyao vya vifaa vya nyumbani huko Kentucky: kuna kipindi watu walifanya kazi zamu tatu, usiku na mchana, kisha baada ya miaka michache nusu yao wanapunguzwa. Wenyewe walilaumu hali ya soko. Forrester alichukua kalamu na daftari, akafuata taratibu zao za kuajiri na kuagiza mali, akapiga hesabu wiki baada ya wiki. Mawimbi yalijitokeza hata pale alipodhani kwamba wateja wananunua kiasi kilekile siku zote. Hoja hiyo ndiyo iliyozaa kitabu chake *Industrial Dynamics* (1961), na mchezo huu ni njia ya kumfanya mtu aionje badala ya kuisoma.

Wachezaji hupangwa katika mnyororo: muuza rejareja, muuza jumla, msambazaji na kiwanda. Kila wiki ya mchezo, mtu hupokea mzigo, hutimiza oda aliyoletewa, kisha huandika kwenye kikaratasi idadi ya kreti anazotaka kutoka kwa aliye juu yake. Hakuna uamuzi mwingine. Ugumu uko kwenye ucheleweshaji: oda huchukua muda kufika, na mzigo nao hukaa njiani wiki mbili. Kreti inayolala stoo hugharimu nusu dola kwa wiki. Kreti anayodaiwa mtu na hajaipeleka hugharimu dola moja. Timu yenye gharama ndogo ndiyo inayoshinda, na kwa desturi washiriki huchangia dola mojamoja ili washindi wagawane.

Kila mmoja huanza na kreti 12 stoo, na wiki za mwanzo mteja hununua kreti 4 tu. Wiki ya 5 ananunua 8. Kama hadi wiki hiyo muuza rejareja alikuwa akiagiza 4, stoo yake inashuka hadi 8, kisha 4, kisha sifuri, na wiki ya 8 anaanza kudaiwa. Kreti za ziada alizoagiza tangu wiki ya 5 hazijafika. Hapo ndipo mkono unapoteleza: anaandika 12, wiki inayofuata 16, huku ile mizigo ya kwanza ikiwa bado njiani. Muuza jumla anaona oda zimepaa, naye anaongeza chake. Zikifika kiwandani, zimevimba kupita kiasi. Kisha kreti zote zinateremka kwa mkupuo, stoo zinafurika, oda zinakatwa hadi sifuri, na kiwanda kinabaki kimekaa. Kwa hali hii Waingereza na Wamarekani wameazima picha ya mjeledi: kiganja kikitikisika kidogo, ncha huruka mbali.

Sehemu yenye thamani kuliko zote huja baada ya mchezo. Mwalimu huwaomba wale watatu ambao hawakumwona mteja wachore jinsi wanavyodhani alivyonunua. Karibu wote huchora mlima na bonde. Kisha mwalimu hufunua kadi za mteja: 4, 4, 4, 4, halafu 8 mpaka mwisho. Aliyekuwa akimnung'unikia mwenzake wa meza dakika chache zilizopita huanza kutazama vikaratasi vyake mwenyewe. Mwalimu anayeuruka mjadala huu kwa kukosa muda amewachezesha tu watu sarafu.

John Sterman, naye wa MIT, alichapisha mwaka 1989 uchambuzi wa michezo 11 ya namna hii. Wastani wa gharama ulikuwa takriban mara 10 ya ile ambayo ingewezekana, na kilele cha oda za kiwanda kilikuwa kama mara mbili ya kile cha muuza rejareja. Chanzo kikuu alichokibaini ni rahisi kukieleza na kigumu kukiepuka: watu hutazama kilichopo stoo na kusahau walichokwisha kuagiza. Yupo anayeweza kudai kwamba kosa ni la kanuni ya ukimya, inayowaficha wengine manunuzi ya mteja. Lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 2014, ambamo mteja alinunua kiasi kisichobadilika na kila mchezaji alikijua, bado yalionyesha mawimbi, kwa sababu mtu huongeza akiba akihofia kwamba wenzake watakosea. Nje ya darasa, kampuni ya Procter & Gamble ililiona jambo hilohilo kwenye nepi za Pampers: watoto hutumia nepi kwa kiasi kisichopanda wala kushuka, ila oda za wauzaji zilipanda na kushuka.

Mchezo ulipata umaarufu nje ya MIT hasa baada ya Peter Senge kuueleza kwa urefu katika kitabu chake *The Fifth Discipline* (1990).

Ndugu wa karibu wa zoezi hili ni majaribio ya kompyuta ya Dietrich Dörner, mwanasaikolojia wa Kijerumani, ambayo nayo yaliwaonyesha watu wakizidiwa na mfumo wanaouongoza. Katika mojawapo, washiriki walipewa mamlaka yote juu ya Tanaland, eneo la kubuni lililowekwa Afrika Mashariki, lenye wakulima na wafugaji. Wengi walileta matibabu na mbolea na kuchimba visima; watu wakaongezeka upesi kuliko chakula, na njaa ikafuata. Katika jingine, watu 48 walikuwa mameya wa mji wa kubuni wa Lohhausen kwa miaka 10 ya kompyuta. Waliofanikiwa waliuliza zaidi kwa nini mambo yanatokea na hili linategemea lipi. Walioshindwa waliruka kutoka tatizo hadi tatizo, au walijichimbia kwenye jambo dogo walilolimudu huku mji ukiharibika.