Mashine ya kufulia inapoanza kunuka: usafi wake katika maji ya Jinja na Mbale

Nguo zimefuliwa, zimesuuzwa, zimekamuliwa na kuanikwa. Lakini zinapokunjwa jioni bado zina uvundo wa kitambaa kilichosahauliwa ndani ya ndoo. Wenye mashine za kufulia katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaufahamu uvundo huo, na wa kwanza kulaumiwa kwa kawaida ni sabuni. Hudhaniwa kuwa haikutosha, na katika ufuaji unaofuata huongezwa. Nyongeza hiyo ndiyo inayolisha tatizo lenyewe, kwani katika maji ya miji hii miwili sabuni iliyozidi huharibu mashine kuliko iliyopungua.

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine humtaja zaidi adui mwingine, yaani chokaa. Vina sababu ya kufanya hivyo. Mji kama London hupata sehemu ya maji yake kutoka katika miamba ya chokaa, na ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika huganda pia ndani ya mashine. Maji ya namna hiyo huitwa magumu, na huhitaji sabuni nyingi ili kutoa povu. Jinja hali ni tofauti. Mji huo hunywa na kufua kwa maji ya Ziwa Victoria, na takriban theluthi mbili hadi nne ya tano ya maji yanayoingia ziwani humo hutokana na mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Ni maji laini, yenye chokaa kidogo. Mbale nayo hutegemea mito inayoteremka kutoka Mlima Elgon, ukiwemo mto Manafwa. Shida ya mito hiyo ni udongo inayoubeba wakati wa mvua. Anayefuata kipimo cha sabuni kilichoandikiwa maji magumu hujikuta akitia kiasi ambacho maji yake hayawezi kukisuuza.

Wanaotumia visima vilivyochimbwa wako katika kundi lao, kwa sababu maji ya ardhini kwa kawaida hubeba madini zaidi. Kuna jaribio rahisi la kuwatofautisha: chupa moja hujazwa nusu kwa maji ya mvua na nyingine kwa maji ya kisima, kila moja ikatiwa kipande kidogo cha sabuni ya mche kilicho sawa na mwenzake, kisha zote mbili zikatikiswa. Chupa inayotoa povu hafifu na kuacha utando mweupe juu ya maji ndiyo yenye maji magumu.

Uvundo hutoka wapi

Pipa la chuma linaloonekana mlango unapofunguliwa limetobolewa matundu, na limezungukwa na pipa jingine la nje lisiloonekana. Maji hujaa katikati ya mapipa hayo mawili, na huko ndiko kunakobaki sabuni isiyoyeyuka, mafuta ya mwili, nyuzi za nguo na vumbi. Masalia hayo hugeuka kuwa utando unaoteleza, ambamo bakteria na kuvu huishi kwa raha. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtambua bakteria aitwaye Moraxella osloensis kuwa chanzo kikubwa cha harufu ya nguo zilizofuliwa lakini bado zinanuka. Hustahimili ukavu, na hurudi kazini kila kitambaa kinapolowa.

Ufuaji wa maji baridi humpa nafasi zaidi. Katika miji hii miwili wengi hufua kwa maji baridi, ama kwa kubana matumizi ya umeme, ama kwa sababu mashine yenyewe haina kipasha maji. Hakuna kosa katika hilo, ila lina gharama yake: mafuta hayayeyuki vizuri, sabuni ya unga huacha chembe, na viumbe vilivyomo ndani ya mashine havipati joto la kuviua.

Jambo hili si la harufu tu. Mwaka 2019 wataalamu wa Ujerumani walichapisha maelezo ya tukio la hospitali moja ya watoto nchini humo, ambako bakteria aina ya Klebsiella oxytoca, sugu kwa dawa kadhaa, alipatikana mara kwa mara kwenye ngozi ya watoto wachanga. Baada ya kutafuta kila mahali, walimkuta ndani ya mashine ya kufulia ya aina itumikayo majumbani, kwenye droo ya sabuni na kwenye mpira wa mlango. Kofia na soksi za watoto zilikuwa zikifuliwa humo. Watoto hao hawakuugua kwa sababu yake, na mashine ilipoondolewa, maambukizo mapya yalikoma. Kwa mtu mzima mwenye afya hatari ni ndogo, lakini nyumba yenye mtoto mchanga, mgonjwa mwenye kidonda au mzee dhaifu ina sababu ya kuichukulia mashine chafu kwa uzito.

Sehemu zinazosahauliwa

Kabla ya kazi yoyote, plagi huchomolewa ukutani. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi.

Kwa mashine ya mlango wa mbele, kazi huanzia kwenye mpira mzito unaozunguka mlango. Mikunjo yake hufunuliwa kwa vidole, hasa upande wa chini ambako maji hutuama pamoja na nywele, nyuzi na sarafu. Kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo hutosha. Wembe na kisu havifai, kwa kuwa mpira ukichanika mashine huvuja. Droo ya sabuni nayo huvutwa hadi itoke kabisa, kwa kubonyeza kidole cha plastiki kilichomo ndani yake, kisha husuguliwa kwa mswaki mkuukuu. Dari ya tundu inamokaa droo hiyo ndiyo husahauliwa kuliko sehemu zote, na mara nyingi ndimo ukungu mweusi ulimojificha.

Chini kabisa ya mashine, kwa kawaida pembeni, kuna mlango mdogo unaofunika chujio la pampu. Hapa subira inahitajika. Sinia la kina kifupi huwekwa chini, mpira mdogo wa kumwagia maji, kama upo, hufunguliwa kwanza, ndipo chujio lizungushwe polepole. Maji yanayotoka huwa na harufu kali, na pamoja nayo hutoka vifungo, pini za nywele na karatasi zilizosagika. Chujio likioshwa na kurudishwa, hukazwa sawasawa kwa mkono.

Mashine za mlango wa juu, pamoja na zile za mapipa mawili ambazo upande mmoja hufua na mwingine hukamua, hazina mpira wa namna hiyo. Uchafu wao hukaa chini ya sahani inayozungusha maji. Katika mashine nyingi za mapipa mawili sahani hiyo imeshikwa na skrubu moja katikati. Ikifunguliwa na sahani kunyanyuliwa, mwenye mashine huweza kukutana na tabaka la sabuni la kijivu, lenye unene wa kidole. Mfuko wa wavu unaonasa nyuzi nao hugeuzwa ndani nje na kuoshwa kila baada ya kufua. Katika Mbale kazi hii huongezeka kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa Imbalu, wakati vijana hupakwa unga wa nafaka na wanaowasindikiza hurudi nyumbani nguo zao zikiwa na unga, jasho na vumbi. Unga ni chakula cha kuvu. Nguo za namna hiyo hukung'utwa zikiwa kavu, kisha husuuzwa ndani ya beseni kabla ya kuingizwa katika mashine.

Joto, jiki na siki

Mashine yenye kipasha maji huendeshwa mara moja kwa mwezi ikiwa tupu, kwenye nyuzi joto 60 au zaidi. Isiyo na kipasha maji husaidiwa kwa maji ya jikoni, lakini si yaliyochemka matupu, kwa kuwa mapipa ya plastiki hupinda na mipira hulegea. Jinja na Mbale ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Vipimo viwili vya maji hayo vikichanganywa na vitatu vya maji ya bomba, joto linalopatikana hukaribia nyuzi 50. Maji baridi hutiwa kwanza, ya moto hufuata. Mashine huachwa izunguke dakika chache, maji yakatulia humo kwa nusu saa, ndipo yamwagwe.

Kama uvundo ni wa siku nyingi, dawa ya klorini ambayo wengi huiita jiki huua kinachobaki. Nusu kikombe ndani ya pipa lililojaa maji baridi hutosha, ikiwa kitabu cha mashine hakikatazi. Baada yake mashine husuuzwa mara mbili bila nguo, la sivyo ufuaji unaofuata utaacha madoa meupe kwenye shati la mtu, na klorini iliyokaa muda mrefu hula chuma.

Siki na limau husifiwa sana. Huondoa ukoko wa chokaa, kwa hiyo wenye visima hunufaika nazo. Katika maji laini ya ziwa kazi yao ni ndogo, na zikitumiwa kila wiki tindikali yake huweza kuudhoofisha mpira.

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Jiki haichanganywi na siki, limau wala dawa ya choo yenye tindikali, hata kwa tone. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu, na chumba kidogo cha kufulia kisicho na dirisha hujaa upesi. Mkojo nao una kemikali ambayo ikikutana na jiki hutoa gesi nyingine yenye kudhuru, kwa hiyo nepi za kitambaa husuuzwa kwanza kwa maji matupu. Anayeanza kukohoa au kubanwa kifua akiwa anasafisha mashine hutoka nje mara moja kwenye hewa safi, bila kurudi kumalizia kazi, na asipopata nafuu hupelekwa hospitali.

Kipimo cha sabuni

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa ili itoe povu jingi, na ndani ya mashine povu hilo ni kizuizi: nguo huelea badala ya kusuguana, na pampu husukuma hewa. Sabuni ya mche iliyokwaruzwa ina kasoro yake, kwani haiyeyuki vyema katika maji baridi. Palipo na uwezo, hununuliwa sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na kwa mzigo wa kawaida katika maji laini vijiko viwili vikubwa ni mwanzo mzuri. Nguo zenye tope huongezewa kijiko cha tatu.

Yupo shahidi asiyesema uongo. Mashine huendeshwa tupu, bila nguo na bila sabuni. Povu likionekana, limetoka katika masalia ya siku zilizopita, na zoezi hilo hurudiwa mpaka maji yawe meupe. Dawa ya kulainisha nguo huongeza mafuta juu ya masalia hayo hayo; anayepambana na uvundo hufanya vyema kuiacha kwa miezi miwili.

Tope, presha na umeme

Mahali ambapo mpira wa maji safi hushikana na mashine kuna wavu mdogo wa kuzuia mchanga. Katika Mbale wavu huo huziba upesi msimu wa mvua. Mafuriko ya usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, yaliyoua watu zaidi ya 20 mjini humo na vitongojini baada ya mito ya Nabuyonga na Namatala kufurika, yaliharibu pia mabomba ya maji. Maji yanaporudi baada ya kukatika kwa namna hiyo, bomba hufunguliwa kwanza juu ya ndoo hadi rangi ya udongo iishe, ndipo mashine iunganishwe. Wavu huvutwa kwa koleo, ukasafishwa kwa mswaki.

Nyumba zinazotegemea tangi la juani zina tatizo la presha. Kila mita 10 za kimo huleta presha ya baa moja hivi, kwa hiyo tangi lililo mita tatu juu ya mashine hutoa chini ya theluthi ya baa, na mashine nyingi huhitaji zaidi ya hapo ili maji yaisukume sabuni yote itoke kwenye droo. Bila pampu, ni afadhali sabuni ikorogwe ndani ya maji kwanza na kumiminwa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, nguo haziachwi humo hadi kesho. Maji hutolewa kupitia mpira mdogo wa chini, nguo zikakamuliwa kwa mkono na kuanikwa. Baada ya kila ufuaji mlango na droo huachwa wazi kwa saa kadhaa, isipokuwa katika nyumba yenye watoto wadogo, ambao hupenda kuingia ndani ya pipa na kujifungia. Huko mlango huachwa wazi wakati mtu mzima yupo karibu tu.

Ikiwa yote haya yamefanyika na uvundo bado upo, mpira wa maji machafu ndio unaostahili kuchunguzwa. Ukisukumwa chini mno ndani ya bomba la mtaro, harufu ya mtaro hupanda hadi ndani ya mashine, na hakuna jiki itakayoiondoa. Ncha yake hunyanyuliwa hadi kimo kilichotajwa kwenye kitabu, mara nyingi kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni, na kufungwa ukutani isiteleze.