Kioo kirefu si lazima kiwe kinga bora kwa pikipiki ya masafa

WAENDESHAJI wengi wa pikipiki za safari ndefu, kioo cha mbele kinapochakaa au kupasuka, hukimbilia kununua kirefu zaidi wakidhani kitawakinga vyema dhidi ya upepo. Baadhi yao hugundua baadaye kwamba kelele imezidi na kichwa kinatikisika kuliko awali.

Hii ni kwa sababu kioo hakizimi upepo, bali huuelekeza kwingine. Hewa ipitayo juu ya ukingo wake huvurugika, na ikiipiga helmeti ya mwendeshaji, shingo huchoka na masikio huumia. Kelele ndani ya helmeti yaweza kupita desibeli 90 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, ilhali wataalamu wa afya kazini hutaka masikio yakingwe kuanzia desibeli 85 kwa muda wa saa nane. Kwa anayetoka Nairobi kwenda Mombasa, takriban kilomita 480, hilo si jambo dogo. Vizibo vya masikio vingali vya lazima hata kioo kiwe kizuri namna gani.

Kabla ya kununua, mwendeshaji anaweza kujipimia akiwa na kioo cha zamani, katika barabara iliyonyooka isiyo na magari mengi. Akiinama kidogo na kelele ikapungua, anahitaji kioo kirefu kidogo. Ikipungua anapojiinua, kifupi kitamfaa zaidi. Jaribio hili halina gharama, ila ni wachache wanaolifanya.

Kwa kawaida ukingo wa juu hufaa uwe usawa wa pua au mdomo wa mwendeshaji aliyeketi kama alivyozoea, ili aione barabara juu ya kioo wala si kupitia kwacho. Kioo hakina waipa. Mvua ikinyesha, au taa za lori zikimulika mikwaruzo usiku, anayetazama kupitia kwacho huwa kama kipofu. Cha rangi nyeusi ni hatari zaidi.

Vioo hivi hasa ni vya plastiki za aina mbili. Akriliki ni angavu na mikwaruzo yake midogo hung'arishwa, lakini hupasuka ikigongwa na jiwe. Polikaboneti hustahimili kishindo, ingawa hukwaruzika upesi isipopakwa utando mgumu. Kwenye barabara za changarawe, polikaboneti ndiyo ya kuchaguliwa hata ikiwa bei iko juu.

Wakati wa kufunga, skrubu ziwekewe washa za mpira na zisikazwe kupita kiasi, kwani nyufa nyingi huanzia kwenye matundu. Aidha, petroli na dawa za kusafishia vioo zenye amonia huharibu polikaboneti. Wadudu waliogandia hulainishwa kwa kitambaa kilicholowa maji kwa dakika chache, kisha kioo kikaoshwa kwa sabuni isiyo kali.