Saboso: santuri za watu wa Tabora waliokaa ugenini

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, Wanyamwezi walikuwa wameshaizoea njia ya pwani kwa miguu. Wapagazi walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilomita 800, wakarudi na nguo na shanga. Reli ilipoanza kazi, watoto na wajukuu wao walipanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta ajira, na wengi wakalowea huko.

Ndiko ilikozaliwa Western Jazz, mwaka 1959. Mwasisi wake, Iddi Nhende, alitoka Nzega, na bendi ikapewa jina la kwao, Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Muziki wenyewe ulikuwa dansi, wenye rumba ya Kuba na ya Kongo ndani yake. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake: NUTA walitamba na Msondo, Western wakaja na Saboso.

Nyumbani Tabora nako hakukulala. Salum Zahoro alikuwa na Kiko Kids tangu miaka ya 1950, kukawa na Nyanyembe Jazz, na katika Tabora Jazz ndimo Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, alimotungia Dada Asha. Lakini Saboso ina ladha yake. Sikiliza magitaa ya akina Rashid Hanzuruni na Wema Abdallah: solo inazungumza, rithim inaitikia bila pupa, besi inatembea chini yake, kisha saksafoni zinaingia na wimbo unachemka.

Radio Tanzania iliwarekodi wanamuziki hawa kwa matangazo yake, si kwa kuuza. Aliyetaka kutoa santuri ilimbidi asafiri hadi Nairobi, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Nyimbo za Western za miaka ya 1970 zilitoka huko kwenye santuri ndogo. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza ukiisha, unageuza santuri upate sehemu ya pili, ambako mara nyingi magitaa hupamba moto. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo nayo ikaziba.

Kampuni ya Sterns ya London ndiyo iliyokuja kuzikusanya nyimbo hizo, zaidi ya miaka 30 baadaye, ikazitoa kama albamu. Inauma kwamba anayetaka kuisikia Saboso vizuri leo huenda akaipata London upesi kuliko Tabora. Pale Kwihara, nje kidogo ya mji, lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 limehifadhiwa kama makumbusho, na wageni hupelekwa kuliona. Mizigo ya Livingstone ilibebwa na wapagazi, na santuri za wajukuu wa wapagazi zinastahili rafu katika nyumba hiyo hiyo, pamoja na mashine ya kuzipigia.