Utafiti wa wanafunzi wa udaktari katika tiba ya familia

Utafiti wa wanafunzi wa udaktari katika tiba ya familia ni uchunguzi unaofanywa na wanafunzi wa vyuo vya tiba kuhusu magonjwa na huduma za afya nje ya hospitali kubwa, yaani katika zahanati, vituo vya afya na makazi ya watu. Tiba ya familia ni tawi la tiba linalomhudumia mtu wa umri wowote, mwenye tatizo lolote la afya, kwa muda mrefu, likizingatia pia familia na mazingira yake.

Umuhimu

Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walitumia takwimu za Marekani na Uingereza kukadiria jinsi watu wanavyotafuta matibabu. Waliona kwamba kati ya watu wazima 1,000, takriban 750 huugua au kuumia katika mwezi mmoja. Kati ya hao, 250 humwona daktari, 9 hulazwa, na mmoja tu hupelekwa hospitali ya chuo kikuu.

Hata hivyo wanafunzi wengi hufundishwa zaidi katika hospitali za namna hiyo. Kikohozi kinachofika zahanati mara nyingi huwa na chanzo tofauti na kile kinachofika hospitali ya rufaa. Kwa hiyo matokeo ya utafiti wa hospitalini hayawezi kutumika kila mahali bila kuchunguzwa upya.

Historia

Mfano maarufu ni William Pickles, daktari wa vijijini huko Aysgarth, Uingereza. Aliandika kila siku habari za wagonjwa wake wa magonjwa ya kuambukiza, akafuatilia nani alikutana na nani na lini. Kwa kuwa watu wa vijiji vile walifahamiana, aliweza kukadiria muda unaopita kati ya kuambukizwa na kuugua. Matokeo yake yalitolewa katika kitabu mwaka 1939.

Nafasi za utafiti

Kazi zinazofaa muda na uwezo wa mwanafunzi ni pamoja na:

* kukagua kumbukumbu za kituo, kwa mfano kuona ni wagonjwa wangapi wa kisukari waliopimwa shinikizo la damu;
* kutumia hojaji au mahojiano kujua kwa nini wagonjwa huacha dawa;
* kuandika taarifa ya mgonjwa mmoja;
* kupitia maandiko yaliyokwisha kuchapishwa.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret huwapeleka wanafunzi wa udaktari katika jamii na vituo vya afya kama sehemu ya masomo yao. Chuo hicho kilianzisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia mwaka 2005. Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho hufundisha madaktari wa familia Nairobi na Dar es Salaam. Jarida la Kiafrika la tawi hili lilianza mwaka 2009.

Maadili

Mwanafunzi huhitaji msimamizi na kibali cha kamati ya maadili kabla ya kukusanya taarifa. Mgonjwa lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, na akikataa kushiriki atibiwe kama kawaida. Katika kijiji kidogo kuficha jina pekee hakutoshi, kwani umri, kazi na ugonjwa huweza kumtambulisha mtu. Ni vema pia matokeo yarudishwe kwa wahudumu wa kituo husika, ambao ndio wanaoweza kurekebisha huduma baada ya mwanafunzi kuondoka.