Karani wa Mwaloni Tchomia

Kabla mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker hajaliita ziwa la Tchomia, huko Kongo, Albert mwaka 1864, na kabla Rais Mobutu wa Zaire hajalipachika jina lake mwenyewe (nalo halikudumu), samaki wa mwambao huu walihesabiwa kwa ulimi na amana. Ndipo akaja karani na daftari linukalo chumvi, akasajili sangara, deni la tajiri na mashua ivukayo kwenda Uganda. VisiCalc, programu ya majedwali ya mwaka 1979, ilihamishia safu za daftari kwenye kompyuta; na siku hizi, karani mwenye intaneti aweza kuifungua ChatGPT kando ya jedwali lake, akaiuliza kanuni ya kujumlisha madeni, akainakili, kisha, akiwa na busara, akahakiki jumla kwa mkono. Samaki wenyewe bado hupimwa kwa mizani.