Tenino, Mji Uliochapa Noti za Mbao

Benki ya Tenino, iliyoitwa Citizens Bank, ilifunga milango Desemba 1931, na mji ukabaki hauna pa kuweka fedha wala pa kuzitoa. Tenino ni mji mdogo wa jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, si mbali na Olympia, makao makuu ya jimbo. Uliishi kwa mawe na magogo. Mawe yake ya mchanga yalijengea majengo mengi ya eneo lile, ikiwemo stesheni ya reli ya mji wenyewe ya mwaka 1914. Saruji ilipoenea, soko la mawe likadidimia. Kisha ukaja Mdororo Mkuu wa uchumi, ujenzi ukasimama, na mbao nazo zikakosa mnunuzi.

Simulizi nyingi za Tenino huharakisha kufika kwenye kioja cha noti, lakini benki ile haikuanguka kwa bahati mbaya tu. Benki nyingi za miji midogo ya Marekani wakati huo zilikuwa na ofisi moja, kwa kuwa sheria za majimbo mengi zilibana ufunguzi wa matawi. Waliokopa kwenye benki ya namna hiyo ni wenyeji walewale, wanaotegemea kazi ileile. Kazi ikifa, mikopo yote inalala kwa pamoja. Benki zipatazo 9,000 zilianguka Marekani kati ya 1930 na 1933. Jirani yao Kanada, ambako mdororo haukuwa mwepesi hata kidogo, haikupoteza benki hata moja. Huko benki zilikuwa chache na kubwa, zenye matawi nchi nzima, na hasara ya mji mmoja ilizibwa na faida ya mwingine.

Benki inapofungwa namna hiyo, amana za watu hazipotei siku hiyohiyo. Zinakwama. Mfilisi hukusanya madeni, huuza mali, kisha huwalipa wenye amana kidogokidogo, pengine kwa miaka, na pengine si zote. Kwa hiyo mtu mwenye dola 200 kwenye daftari la benki alikuwa nazo na hakuwa nazo. Mshahara ukija kwa hundi, hakuna pa kuibadilisha. Mwenye duka naye bidhaa anazo, wateja anawajua kwa majina na ukoo, ila fedha ya kupita mkono kwa mkono haipo.

Chemba ya biashara ya mji ikaja na mpango. Mwenye amana aliruhusiwa kuikabidhi chemba haki ya kudai hadi asilimia 25 ya fedha zake zilizokwama, naye akapewa vyeti vya thamani hiyo vya kutumia madukani. Mfilisi akilipa, chemba inapokea na kukomboa vyeti. Ni kama kuchukua vitu kwa mali kauli, ila hapa kauli iliandikwa, ikatiwa sahihi, na ikaweza kuhama kutoka kwa muuza nyama kwenda kwa kinyozi.

Vyeti vya kwanza vilikuwa vya karatasi. Mchapaji wake alikuwa Don Major, mwenye gazeti la Thurston County Independent, na mapema 1932 akaanza kuvichapa juu ya mbao za miti ya huko, sprusi na mwerezi, zilizokatwa nyembamba kiasi cha kupita kwenye mashine ya kuchapia. Vilikuwepo vya senti 25, senti 50 na dola 1. Ukiitazama noti hiyo kwa karibu, mistari ya ukuaji wa mti inapita chini ya maandishi, jina la chemba liko hapo, na sahihi za wasimamizi wake zimewekwa.

Habari zikasambaa nchi nzima, na wakusanyaji wa noti wakaanza kuzitafuta. Hapo hesabu ikageuka kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga. Noti iliyofungiwa kwenye albamu hairudi kudai dola yake. Ni sehemu ndogo tu iliyoletwa kukombolewa. Watu hupenda kusema mbao iliuokoa mji. Mimi nadhani sifa wanastahili zaidi wenye amana waliokubali kukabidhi madai yao, na wenye maduka waliokubali kupokea ahadi iliyosimama juu ya benki mfu. Mbao ilileta wateja wa mbali.

Kisha nchi nzima ikaonja yaliyoipata Tenino. Rais Franklin Roosevelt aliapishwa Machi 4, 1933, na Machi 6 akatoa tangazo la kufunga benki zote za Marekani. Sheria ya dharura ya benki ikapita Machi 9 kwa siku moja. Jumapili usiku, Machi 12, alizungumza redioni akaeleza, kwa lugha ya kawaida kabisa, benki hufanya nini na fedha za watu na kwa nini haiwezi kuwalipa wote kwa siku moja. Benki zilizokaguliwa na kuonekana nzima zikaanza kufunguliwa: Jumatatu Machi 13 kwenye miji 12 yenye benki za Federal Reserve, mfumo wa benki kuu ya Marekani, Jumanne kwenye miji mingine mikubwa, na Jumatano Machi 15 zamu ya miji midogo ikaanza. Foleni zilikuwepo, lakini safari hii wengi walirudisha fedha walizokuwa wamezificha nyumbani.

Benki takriban 4,000 hazikufunguliwa tena. Tangu Januari 1, 1934, amana zikawa na bima ya serikali, mwanzo hadi dola 2,500 kwa mtu. Kwa kijiji cha wakata magogo, kiasi hicho kilitosha kumlinda karibu kila mwenye akaunti.

Mashine ya Major, iliyotengenezwa 1890, ilihifadhiwa kwenye makumbusho ya mji, ndani ya stesheni ileile ya mawe. Mwaka 2020, korona ilipofunga biashara, meya Wayne Fournier na halmashauri yake waliiwasha tena. Wakazi waliothibitisha kuathirika waliweza kupata hadi dola 300 kwa mwezi, kwa noti za mbao za dola 25. Safari hii hazikusimama juu ya benki iliyokufa: mwenye duka alizipeleka ofisi za mji, akalipwa dola kwa dola kutoka mfuko uliotengwa.