Kipande kikipotea, dhima ni ya nani?

Juzi nikielekea Thika nilipitia Ruiru, katika jengo moja la ofisi ambalo sitalitaja. Bawabu alininyoshea mkono: "Mzee, wacha kipande hapa, halafu uandike jina na namba ya simu." Nikamwachia kitambulisho. Kitabu kilikuwa wazi mezani. Kabla sijashika kalamu, nilikuwa nimekwisha kusoma majina, namba za vitambulisho na za simu za watu kadhaa walionitangulia. Tapeli hangehitaji kompyuta.

Lakini kilichonishika ni neno lake. Kijana wa juzijuzi tu, na bado anasema "kipande".

Babu zetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge na kahawa, Ruiru hadi Thika, walilijua neno hilo kwa uchungu. Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara. Aliitia katika kikebe cha chuma, akakitundika shingoni. Mwajiri asipotia saini kwamba amemwachilia, kazi nyingine hakuipata kihalali. Akitoroka, alama za vidole zilimfuata. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, hukohuko Kiambu, aliupinga mfumo huo. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi.

Kuna jambo moja hapo ambalo halisemwi sana. Taarifa zile zilimfaa mwajiri, ila mzigo wa kuzitunza ulikuwa wa mfanyakazi. Akikutwa bila kipande, alishtakiwa yeye.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iliuhamisha mzigo huo. Anayekusanya taarifa ndiye mwenye dhima. Zikifikiwa na asiyehusika, na ikawa kuna hatari ya kweli ya kumdhuru mwenyewe, kampuni ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data. Aliyeumia anaweza kudai fidia, hata kama hakupoteza senti bali ametaabika moyoni. Na si mzaha: Septemba 2023 Kamishna aliipiga Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, faini ya Sh2,975,000 kwa kuwatumia watu ujumbe wa vitisho. Roma School ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tazama vizuri: hapo hakuna aliyedukuliwa. Walijikwaa kwa mikono yao wenyewe.

Dhima, nimesema. Sisi walimu wa fasihi tumelizoesha neno hili kazi nyepesi: dhima ya methali, dhima ya fanani. Katika sheria dhima ni wajibu unaomkaa mtu shingoni, mahali palepale palipokaa kile kikebe.

Sasa zisome taarifa za kampuni mambo yakiharibika. "Data zimevuja." Zimevuja, kama paa la mabati! Kitenzi "vuja" hakina mtenda, "vujisha" kinamdai. Au utasoma kwamba "mfumo umedukuliwa". Kudukua, kabla ya zama za kompyuta, kulikuwa kusikiliza maneno ya watu kwa siri. Neno zuri, lakini humtia hatiani aliyetega sikio peke yake, na aliyeacha dirisha wazi anaponyoka. Mwanafunzi wangu akiniandikia sentensi ya namna hiyo katika insha ya historia, pambizoni huandika neno moja: nani?

Nikitoka, nilimwomba yule bawabu awe akikifunga kitabu chake.

"Nikikifunga, mzee, wageni wataandika wapi?" akaniuliza, huku akinirudishia kipande changu.